Fremu ya Katikati

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 12 Julai 1956, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi. Kiangazi kilikuwa kimeshika. Ukungu ulikuwa umelifunika ziwa lote, mlima wa moto haukuonekana, na upepo mkavu uliokuja na vumbi jeusi la barabara ulikuwa ukigonga madirisha ya mtaa wa Mbugangari, mjini Gisenyi, kama mdai asiyetaka kuketi. Ndani ya sebule ya nyumba moja ya mawe, mwanamume wa makamo alikuwa amepiga magoti juu ya mkeka, tepu ya kupimia shingoni na pini sita mdomoni. Alikuwa akizipanga fremu kumi na nne za picha, akizipangua, na kuzipanga tena.

Mtu huyo aliitwa Muhamadi, fundi cherehani. Makarani wa Gisenyi waliomtaka mshonaji wa suti hawakuuliza njia mara mbili. Mkono wake ulikuwa hodari, sala zake hazikumpita, na kitambaa cha mteja kilichobaki alikirudisha hata kama ni cha upana wa kiganja. Lakini alikuwa na kasoro moja, nayo ilimtafuna kama mchwa ndani ya nguzo iliyopakwa rangi: alitaka watu waamini kwamba ametoka katika nyumba kubwa kuliko ile aliyotoka.

Siku nne kabla ya hapo alikuwa amepokea ujumbe kutoka Mahoko. Munyaneza, mfanyabiashara mwenye malori mawili, angefika Jumapili pamoja na mama yake mzazi, Bi Mukandutiye, kumposea mwanawe Twagirimana. Aliyeposwa alikuwa Saidati, binti wa pekee wa Muhamadi. Vijana hao walikuwa wamependana kwa adabu mwaka mzima, na hakuna aliyekuwa na neno juu yao. Ujumbe, hata hivyo, ulimalizikia hivi: "Mama anataka kwanza kuiona nyumba anakotoka binti."

Mtu mwingine angefagia ua na kupaka chokaa. Muhamadi alisikia katika maneno hayo swali la ukoo, na tangu siku ile hakulala usingizi wa kutosha wala hakumaliza chakula kwenye sahani. Alikuwa ameiona sebule ya tajiri mmoja wa Bukavu, ambaye ukuta wake mzima ulijaa picha, kubwa kwa ndogo, babu juu ya baba na wajomba pembeni. Akaamua kwamba na yeye awe na ukuta kama ule.

Tatizo ni kwamba picha zake zilikuwa nne tu. Ya kwanza ilikuwa ya msikiti wa Makka, ya pili ya ndoa yake, ya tatu ya Saidati akiwa na miaka sita, na ya nne ilikuwa barua ya sifa aliyopewa na mwalimu wake wa ushonaji. Kulikuwa na ya tano, lakini hiyo haikuwa na fremu, na haikuwahi kutundikwa. Ilikuwa ndogo kama kiganja cha mtoto. Ilimwonyesha mtu mwembamba, miguu mitupu, kisanduku kizito kichwani na kipande cha shaba chenye namba kifuani. Huyo alikuwa Feruzi, baba yake Muhamadi, mchukuzi wa jeshi wakati wa vita vya kwanza. Muhamadi alikuwa amemlaza kwenye droo ya cherehani, chini ya vibiringo vya nyuzi, kwa miaka ishirini na miwili.

Kumi zilizosalia alikuwa ameziazima kwa rafiki yake Abdu, mpiga picha, ambaye katika studio yake alikuwa na sanduku la picha zisizochukuliwa na wenyewe.

"Mi sijui majina yao, ndugu yangu," Abdu alikuwa amemwambia akikuna kidevu. "Walikaa mbele ya mashine, wakaenda, hawakurudi. Bon, chukua. Lakini Jumatatu asubuhi nizione zote hapa, kumi kamili."

Basi asubuhi ile Mukashyaka, mke wa Muhamadi, aliingia na birika la chai, akasimama juu ya mkeka na kuzitazama nyuso zile ngeni.

"Makubwa haya!" akasema. "Miaka ishirini na miwili ya ndoa sikujua nina mashemeji wengi hivi. Huyu mwenye masharubu ni nani?"

"Mjomba," alijibu Muhamadi, pini zikiwa bado mdomoni.

"Wa upande gani?"

"Wa upande wa kushoto, karibu na dirisha. Niache, Mukashyaka, nimo kazini!"

Saidati, aliyekuwa mlangoni akikunja vitambaa, hakucheka. "Baba," akauliza kwa sauti ya chini, "na babu Feruzi utamweka wapi?"

Muhamadi akavuta mkasi na karatasi ya kaki.

Ni haki kusema kwamba kazi yenyewe aliifanya kwa ustadi. Alikata karatasi ya kaki kwa kipimo cha kila fremu, kama mtu anayekata kielelezo cha koti, akaandika namba kwa chaki na kuzibandika karatasi zile ukutani kwa pini. Kati ya karatasi na karatasi aliacha nafasi ya vidole viwili, wala zaidi wala pungufu. Aliketi kwenye kiti cha mgeni, akainuka, akaketi tena, akishusha na kupandisha kila kitu, kwa kuwa jicho la aliyeketi si jicho la aliyesimama. Fremu nzito alizitaka chini na nyepesi juu. Akaona ukuta umelemea kama mtu aliyebeba ndoo mkono mmoja, akazibomoa zote. Ijumaa alipanga mara tatu. Jumamosi alfajiri alipanga mara ya nne.

Hatimaye aliuona mpango. Katikati ingekaa fremu kubwa kuliko zote, na nyingine zingeizunguka kama wana wanavyomzunguka mzazi. Ndani ya fremu hiyo alikaa mzee mwenye ndevu nyeupe, kanzu safi na kofia, mikono yake ikiwa juu ya fimbo yenye pete tatu za shaba. Macho yake yalikuwa na utulivu wa mtu asiyedaiwa na yeyote. Muhamadi alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaandika kwa chaki juu ya karatasi yake neno moja: *Baba*.

Jumamosi mchana alikuja seremala Nzeyimana na nyundo yake. Msumari wa kwanza ulijikunja kama mnyoo, na wa pili ukaruka hadi chini ya kabati.

"Patron, hii jiwe ya volkano inakataa," alisema Nzeyimana akiugonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. "Tutafute fasi ya chokaa, katikati ya jiwe na jiwe. Kama fasi ya chokaa iko mbali na karatasi yako, basi karatasi yako itahama. Ukuta hauhami."

"Gonga polepole! Na hiyo ya katikati isihame hata kidogo."

"Ya katikati iko na bahati. Hapa chokaa ni nene. Hapa hata mutu angening'inia."

Kabla jua halijazama fremu zote kumi na nne zilikuwa juu. Ukuta ulipendeza kwa kweli. Majirani walichungulia dirishani wakatikisa vichwa. Muhamadi peke yake hakutulia. Aliinyoosha hii, akaifuta ile, akarudi nyuma hatua tatu, akasogea mbele mbili, huku akikariri kwa midomo majina aliyoyatunga: mjomba wa Ujiji, shangazi wa Kigoma, binamu karani. Alihangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jumapili saa nne wageni walifika: Munyaneza, mnene na mpole wa maneno; wazee wawili wa ukoo wake; na Bi Mukandutiye, mfupi, amejitanda khanga, akitembea taratibu kwa msaada wa fimbo. Abdu naye alikuwapo, amesimamisha mashine yake kwenye kona, kwa kuwa ilikubaliwa kwamba posa ikikamilika watu wote wapigwe picha. Alipoona kofia ya mzee wa fremu ya katikati ikiwa juu ya vichwa vya wageni, alishughulika ghafla kufuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Kwa desturi ya nyumba ile, binti aliwapokea wageni viatu na vitu vya mkononi. Saidati alipoishika fimbo ya Bi Mukandutiye, vidole vyake viligusa shaba. Akahesabu pete: moja, mbili, tatu. Akainua macho ukutani. 

"Baba," alinong'ona akimvuta kanzu, "hii fimbo..."

"Iweke pembeni, mwanangu, usisimame mbele ya wageni."

"Baba, itazame kwanza."

"Saidati! Kalete kahawa."

Alikwenda jikoni. Muhamadi aliketi, kisha akainuka kunyoosha fremu iliyokuwa imenyooka. Akaketi, akainuka tena. Mgeni hutazama anapotazama mwenyeji. Haikuchukua muda kabla Munyaneza hajageuza kiti chake kuelekea ukutani.

"Umejaaliwa watu wengi, ndugu Muhamadi," alisema.

Hiyo ndiyo nafasi aliyoingojea siku saba, akaiparamia. Alimtaja mjomba, akamtaja shangazi, akamsifu binamu karani. Kisha akaweka mkono kifuani. "Na huyu wa katikati ndiye baba yangu, Mungu amrehemu. Mtu wa biashara na wa dini. Hiki mnachokiona hapa chote ni baraka zake."

Saidati alikuwa amesharudi na kumpa Munyaneza kikombe cha kwanza cha kahawa. Kikombe kilikuwa kimesimama kati ya sahani na mdomo wa mgeni.

"Baba yako?" aliuliza hatimaye. "Baba wa kukulea?"

"Aliyenizaa," alisema Muhamadi, kwa maana uongo ukishaanza kutembea huona aibu kurudi nyuma.

Bi Mukandutiye aliinuka. Alinyoosha mkono bila kumtazama mtu, na Saidati akamletea fimbo yake. Yule bibi akasogea ukutani hatua kwa hatua, akasimama chini ya fremu ya katikati, akaiinua fimbo na kuiegemeza kando ya kioo. Pete tatu za shaba zikakaa pembeni mwa pete tatu za picha. Kwenye pete ya kati kulikuwa na mkwaruzo. Picha nayo ilikuwa na mkwaruzo huo huo.

"Munyaneza," alisema bila kugeuka, "mwanangu, msalimie ndugu yako."

 Mzee mmoja wa ukoo alifungua mdomo, akaufunga. 

"Miaka kumi na mmoja nimemlilia huyu," bibi aliendelea, "sikujua kwamba alikuwa na nyumba nyingine Gisenyi. Yoo! Nilimpikia, nikamfulia, nikamzika. Na kumbe alikuwa na mtoto wa rika la mwanangu!"

Munyaneza alikiweka kikombe chini. Upole wa maneno yake haukuondoka, lakini sasa ulikuwa upole wa kisu.

"Ndugu Muhamadi, nisikilize vizuri. Huyu ni marehemu baba yangu. Akiwa ni baba yako pia, mimi na wewe tumetoka kiuno kimoja, na Saidati ni binti yangu. Dini haikatazi watoto wa ndugu kuoana, lakini nyumba yetu inakataza tangu kabla hatujasilimu, na sitaivunja mimi. Posa itakuwa imekufa hapa hapa, nasi tutabaki kugawana urithi. Na asipokuwa baba yako, umemvika marehemu kosa ambalo hakulitenda, mbele ya mjane wake. Chagua lipi ni kweli. Chagua sasa."

Maji yalikuwa yamemfika Muhamadi shingoni. Akitetea uongo wake, angehifadhi heshima yake na kuua ndoa ya mwanawe. Akisema kweli, huenda angepoteza vyote viwili. Alimtazama Saidati aliyekuwa amesimama na sinia la kahawa, vikombe vikigongana.

"Si baba yangu," alisema. Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtu aliye ndani ya pipa. "Simjui. Nilimwazima."

"Umeazima baba?" aliuliza yule mzee wa ukoo, na kicheko kilimponyoka kabla hajakimeza. "Ariko! Nimesikia watu wa kuazima kanzu, viti, hata masufuria. Lakini baba!"

"Na wajomba," alisema Mukashyaka kutoka mlangoni. "Nao wana wenyewe; siku moja watakuja kuwadai."

Hapo Abdu akatoka kwenye kona yake, amevua kofia. "Mama, mimi ndiye niliyepiga hii picha," alisema. "Mwaka wa arobaini na tano, siku ya soko. Mzee aliilipia yote siku ile ile. Nilimwambia ndogo ingetosha, akakataa. Akasema: 'Nifanyie kubwa kabisa, nataka kumshtua mke wangu.' Akasema atarudi baada ya juma moja. Mi nilingoja, mama. Sikujua jina wala kwao."

 Bi Mukandutiye aliikumbuka ile safari ya soko; juma lile lile homa ilikuwa imemchukua mumewe. Aliugusa uso wa kioo kwa ncha ya kidole, akaanza kucheka, na kicheko kile kikageuka machozi bila kuacha kuwa kicheko.

"Amenishtua," alisema. "Haki ya Mungu, amenishtua."

Muhamadi aliitungua fremu, akapiga magoti na kumpa kwa mikono miwili. Yule bibi aliipokea, akaikumbatia, kisha akamtazama mwenyeji wake kwa macho makavu.

"Hii si zawadi yako," alisema. "Ilikuwa yangu tangu zamani. Lakini wewe unadaiwa. Ulimchukua mume wangu ukamfanya baba mbele za watu. Nami nakudai baba mbele za watu. Nitarudi Jumapili ya tarehe ishirini na tisa. Siku hiyo unionyeshe aliyekuzaa. Usiponionyesha, usitume mtu Mahoko."

Wakaondoka bila kuinywa kahawa.

Kesho yake Muhamadi alirudisha fremu tisa, moja moja, akipita katikati ya soko ili kila aliyezisifu azione zikirudi. Hayo yalimgharimu aibu, naye aliilipa. Lakini kasoro ya mtu haifi kwa kipigo kimoja. Siku ya nne alirudi studio, akaitoa picha ya Feruzi mfukoni na kuiweka mezani kwa siri.

"Abdu, unaweza kuikuza? Iwe kubwa kama ile?"

"Naweza."

"Na hapa chini... unaweza kumchorea viatu? Mkono wako ni mzuri kwa rangi. Viatu vyeusi tu, vya kawaida."

Abdu aliipeleka kwenye mwanga. "Naweza," alisema polepole. "Na hii sanduku kichwani?"

"Labda... kulifanya liwe kivuli cha mti."

Mukashyaka, aliyekuwa amemfuata mumewe bila kuagana naye, alisimama mlangoni. "Mvalishe," alisema. "Mvalishe viatu vya watu, na soksi, na miwani. Halafu bibi yule akija, umwambie tena kwamba ndiye aliyekuzaa. Wewe ni fundi, Muhamadi. Mteja akikuletea koti la mtu mwingine, huwa unamwambia nini?"

Muhamadi alijua anachomwambia. Alikuwa amekisema mara mia dukani kwake, kwa majivuno: koti la mwingine husema jina la mwenyewe kwenye mabega. Aliichukua picha, akairudisha mfukoni, akatoka bila kuaga.

Tarehe 29 Julai wageni walirejea. Ukutani kulikuwa na picha tano tu. Misumari tisa mitupu ilikuwa imebaki mahali pake, kwa maana Muhamadi alikuwa amemkataza Nzeyimana kuing'oa. Kwenye msumari wa katikati, uliowahi kubeba fremu kubwa kuliko zote, ilining'inia fremu ndogo ya mbao isiyopakwa rangi, na ndani yake kipande cha karatasi cha ukubwa wa kiganja cha mtoto.

Safari hii Muhamadi hakuinuka kunyoosha kitu. Alisimama mara moja tu.

"Mama," alisema, "huyu ndiye baba yangu. Jina lake Feruzi. Hakuwa na duka wala ng'ombe. Alikuwa mchukuzi. Alibeba sanduku la risasi kutoka hapa ziwani hadi Tabora, akarudi kwa miguu, na kwa miguu ile ile alinipeleka kwa mwalimu wa cherehani. Nilimficha kwa sababu hana viatu."

Bi Mukandutiye alisogea karibu sana, mpaka pumzi yake ikafanya ukungu juu ya kioo. Aliifuta kwa pindo la khanga.

"Una pua yake," alisema. "Na binti anayo." Akaketi, akaiweka fimbo mapajani. "Nilikudai baba, nimemwona. Deni limelipwa. Munyaneza, sema ulichokujia."

Munyaneza alizihesabu kwa macho nafasi zile tisa tupu, akatikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyeridhika na kipimo, akaposa. Saidati alileta kahawa, na safari hii vikombe havikugongana.

Basi na ijulikane kwa kila anayejipamba kwa kisicho chake, awe fundi au karani, msomi au tajiri: nguo ya kuazima haisitiri maungo.